Mchoraji na Chaki Yake: Ntiro, Njau na Darasa la Sanaa la Kilimanjaro

Katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, yajulikanayo kwa kifupi kama MoMA, imo picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa mwaka 1956. Inawaonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Aliyekulia Machame, Kibosho, Marangu au Rombo hahitaji kuelezwa jambo lolote hapo. Anajua kwamba pombe hiyo ni mbege, mchanganyiko wa ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi, na kwamba mazungumzo ya ndoa hayaendi mbali pasipo mbege. Makumbusho hayo yaliipata picha hiyo mwaka 1960, ikawa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za mchoraji wa Kiafrika wa zama hizi kuingia katika hazina yake. Mchoraji mwenyewe, Sam Joseph Ntiro, alizaliwa Machame mwaka 1923.

Habari hii hutajwa mara chache, na inapotajwa huwa ni kwa ajili ya kujivunia. Katika makala haya nataka kuuliza swali lisilo la fahari: mtu huyu aliishi kwa kipato gani? Hakuishi kwa kuuza picha New York. Aliishi kwa mshahara wa mwalimu. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa mdogo wake kiumri, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, ambaye kufundisha kulishikamana na kazi yake ya brashi kwa miongo mingi. Hoja yangu ni kwamba katika nchi zetu darasa la sanaa ndilo lililokuwa shamba la mchoraji. Lilimlisha, lilimpa heshima mbele ya jamii, na lilimzalishia watazamaji wa kesho. Kwa hiyo tulipoliacha darasa hilo lidhoofike, hatukupunguza kipindi kimoja tu kwenye ratiba ya shule. Tuliuondoa msingi wa kazi yenyewe.

Kahawa, karo na cheo cha mwalimu

Ili kuelewa kwa nini mchoraji wa Kilimanjaro alikuwa mwalimu, hatuna budi kuanza na kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, chenye makao yake Moshi. Fedha za kahawa ziliezeka nyumba kwa bati, zikajenga shule na kulipa karo. Ardhi, kwa upande mwingine, haikuongezeka. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na mibuni pamoja, kwa desturi kiliwaendea hasa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Kadiri vihamba vilivyogawanywa, ndivyo kalamu ilivyozidi kuwa urithi wa wale waliobaki.

Mzazi aliyechuma na kuosha kahawa kwa mikono yake ili mwanawe asome alitarajia apate karani, mganga, mchungaji au mwalimu. Mchoraji hakuwamo katika orodha hiyo. Hakukuwa na ofisi ya mchoraji, wala pensheni yake, wala mnunuzi wa kudumu. Rangi za mafuta na turubai vilitoka ng'ambo. Walionunua picha walikuwa wachache: Wazungu waliokuwa nchini, makanisa, na baadaye Serikali. Cheo cha mwalimu ndicho kilichomwezesha kijana wa mlimani kushika brashi bila kuonekana amepotea njia, na mshahara wa mwalimu ndio ulionunua rangi. Hii ni sababu ya kiuchumi, na tuitambue hivyo kabla ya kuzungumzia wito.

Makerere: shule iliyoanzia barazani

Mlango waliopitia wote wawili ulikuwa Makerere. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika shule ya Slade ya London, alianzisha mafunzo ya sanaa mjini Kampala katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, kwanza barazani kwake, kisha ndani ya Chuo cha Makerere. Mbinu yake ilikuwa ya masimulizi. Aliwaeleza wanafunzi tukio fulani, soko, mavuno au kisa cha Biblia, kisha akawaachia walichore kama walivyoliona akilini mwao. Hakutaka waige picha za Ulaya.

Mbinu hiyo imekosolewa, na ukosoaji huo una haki yake. Nani alimpa Mwingereza mamlaka ya kuamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika? Kumkinga mwanafunzi dhidi ya maarifa ya dunia kwa jina la kulinda asili yake kunaweza kuwa aina nyingine ya utawala. Hata hivyo, mbinu ile ilizalisha jambo ambalo mtawala hakulipanga. Mwanafunzi aliambiwa kwamba maisha ya kwao yanastahili kuchorwa, na akaamini. Ntiro alisoma hapo katika miaka ya 1940, kisha akabaki kufundisha. Mkenya Gregory Maloba, mchonga sanamu aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, alipita njia hiyo hiyo ya kujifunza kisha kufundisha.

Kati ya mwaka 1952 na 1955 Ntiro alikuwa Slade mwenyewe. Aliporejea Makerere, picha zake hazikuwa zimegeuka kuwa za London. Bado zilikuwa na watu wadogo wadogo, wengi, wakifanya kazi pamoja: wanakata miti, wanavuna kahawa, wanakwenda sokoni, wanabeba mitungi. Kivuli ni haba, na umbali hauzingatii kanuni zinazofundishwa Ulaya. Wapo waliosema kwamba hakujifunza lolote. Mimi nasoma jambo lile kinyume chake. Mtu aliyekaa miaka mitatu katika mojawapo ya shule kubwa za uchoraji za Uingereza, kisha akarudi na mkono wake ule ule, ameamua. Tena aliamua katika kipindi ambacho mlima wote ulikuwa ukijiuliza wenyewe ni nani. Bei ya kahawa ilikuwa juu, Mangi Mkuu Thomas Marealle alikuwa madarakani, na TANU ilikuwa imeanza kuuliza kama Mchagga atakuwa Mchagga kwanza au Mtanganyika kwanza. Katika picha za Ntiro sioni mangi wala mkuu wa wilaya akiwa katikati. Naona kundi la watu na kazi yao.

Njia ya kwanza: mchoraji anachukuliwa na dola

Uhuru ulipofika mwaka 1961, taifa jipya lilikuwa na wasomi wa kuhesabika. Ntiro akateuliwa kuwa balozi wa Tanganyika mjini London, nafasi aliyoishikilia hadi mwaka 1964. Baadaye aliitumikia Serikali akiwa Kamishna wa Utamaduni, na akafundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 1993.

Ni rahisi kulitazama jambo hili kama heshima, na bila shaka lilikuwa heshima. Lakini tulitazame pia kwa jicho la mwanafunzi. Mmoja wa walimu wachache wa uchoraji wenye elimu ya juu katika Afrika Mashariki yote aliondolewa darasani na kupewa jalada la ubalozi. Dola changa haikuwa na wa kumtuma, kwa hiyo simlaumu aliyemteua. Ninachosema ni kwamba tangu siku ya kwanza tulimthamini msanii kwa kumpandisha cheo akaiache kazi yake. Desturi hiyo haijatutoka. Mwalimu hodari huwa ofisa elimu, na daktari hodari huwa mkurugenzi.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hotuba ile inakumbukwa, na ni haki ikumbukwe. Msomaji makini ataona kwamba mifano aliyoitoa ilikuwa ya ngoma: alisikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za kigeni lakini hawakuzijua ngoma za makabila yetu. Uchoraji haukupata nafasi ya namna hiyo katika fikra za umma. Sababu yake inaeleweka. Ngoma hukusanya watu, humpokea mgeni uwanja wa ndege, hubeba ujumbe wa chama, na haihitaji fedha za kigeni. Picha hukaa kimya ukutani, na rangi yake huagizwa kwa paundi. Katika nchi iliyotaka kuhamasisha umma kwa haraka, ngoma ilipata kikundi cha taifa. Mchoraji alibaki na kipindi chake cha shule, pale kilipokuwapo.

Njia ya pili: mchoraji anajenga nyumba yake mwenyewe

Elimo Njau alikwenda upande mwingine. Kazi iliyompa jina ni michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Aliikamilisha mwaka 1959. Inaonesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vya Wakikuyu.

Tusisahau mahali na wakati. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Kwa waliopoteza ndugu upande huo, lilikuwa kaburi la mashahidi. Kwa waliopoteza ndugu msituni au kambini, lilikuwa kumbukumbu ya upande mmoja, iliyowekwa chini ya kivuli cha mtawala. Kijana kutoka Marangu, asiye Mkikuyu, akaingia humo na rangi zake. Hakuweza kulifuta jeraha lile, na hatupaswi kumdai hilo. Alichokifanya ni kuweka ukutani mateso ambayo sura yake ni ya Mwafrika, yasiyomuuliza mtazamaji alikuwa upande gani.

Baada ya hapo Njau alifanya kazi Nairobi, ikiwamo katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoanzishwa na mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele mwaka 1963. Mwaka 1965, pamoja na mwandishi Rebeka Njau na marafiki kadhaa, alianzisha Paa ya Paa mjini humo. Jina hilo linamchezea msemaji wa Kiswahili: ndani yake yumo paa mnyama, kuna kupaa angani, na sikio halikosi kusikia paa la nyumba pia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 alifungua Kibo Art Gallery huko Marangu, chini ya mlima wenyewe.

Jumba la maonesho kijijini, penye vihamba na mifereji, lilikuwa wazo la kisiasa hata kama halikutangazwa hivyo. Sanaa ya kisasa ilikuwa imejengewa makazi Kampala, Nairobi na London. Mkulima wa kahawa ambaye ndiye aliyechorwa hakuwa na mahali pa kujiona. Njau alimrudishia picha nyumbani. Tena hakuacha kufundisha. Alijulikana kwa kuwasisitizia wanafunzi wake kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi, kwa maana kwamba anayeiga anakataa sehemu ya uumbaji aliyokabidhiwa yeye. Ni fundisho la mtoto wa Kilutheri, lakini mwalimu yeyote wa sanaa, mwenye dini au asiye nayo, ataelewa linalenga nini.

Njia hii ya pili nayo ilikuwa na gharama yake. Nyumba ya mtu binafsi hutegemea nguvu za mtu binafsi, nia njema ya wafadhili na bahati. Mwaka 1997 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa pamoja na kazi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Kazi iliyo mikononi mwa umma nayo yaweza kuungua, lakini walau umma unakuwa na wajibu wa kuihesabu, kuipiga picha na kuihifadhi kwa zaidi ya sehemu moja.

Mnyororo ulikatikia wapi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mlima uliotoa watu wawili wa kiwango hiki haukuendelea kutoa wengine wa kujulikana hivyo. Wapo wanaodai kwamba Wachagga walipenda biashara kuliko sanaa. Hayo ni maelezo ya kijiweni. Historia ina maelezo bora zaidi.

Kwanza, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970. Katika mgawanyo wa awali, sheria ilikuwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, na sanaa ya uchoraji ilikuwa na mizizi yake Makerere. Mwaka uliofuata Idi Amin akashika madaraka Uganda. Njia ya kijana wa Machame kwenda Kampala ikawa ngumu, na Dar es Salaam ilihitaji muda kujenga idara yake. Pili, ukaja upungufu wa fedha za kigeni, uliozidishwa na vita vya 1978 na 1979. Pale daftari lenyewe lilipokuwa adimu, hakuna mwalimu mkuu ambaye angeagiza rangi. Tatu, mtihani ukawa ndiyo elimu. Somo lisilopandisha wastani wa shule likakosa mwalimu; likikosa mwalimu hukosa watahiniwa; na likikosa watahiniwa, ofisa anayepanga ajira huona takwimu na kusema halihitajiki. Huo ni mzunguko uliotengenezwa na maamuzi, na maamuzi yanaweza kubadilishwa.

Linganisha na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za bei nafuu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake haukufa. Kwa nini? Vifaa vyake vilipatikana dukani mtaani, wanunuzi wake walikuwa wageni waliopita karibu, na zaidi ya yote alikuwa na darasa: ndugu na jamaa zake walikaa kando yake wakajifunza kwa kutazama na kushika brashi. Leo mgeni anayepanda Kilimanjaro akinunua picha mjini Moshi, mara nyingi atanunua ya mtindo uliozaliwa Dar es Salaam. Mtindo wenye darasa umeishi. Ule wa Ntiro, uliotegemea shule ya Serikali, uliachwa ukiwa shule ilipoacha kufundisha.

Mchoraji wa Moshi hivi leo

Anayefanya kazi hii Moshi hivi sasa huishi kwa kuunganisha vipande. Asubuhi mbili au tatu kwa wiki anafundisha katika shule binafsi kwa mkataba wa muhula, au bila mkataba. Siku nyingine anachora ramani ya Afrika na mfumo wa chakula kwenye ukuta wa shule ya msingi, au tembo na mlima kwa ajili ya hoteli. Zamani mabango ya maduka na saluni yalimpa unga, lakini mashine za kuchapisha kwenye plastiki zimeichukua kazi hiyo. Jumamosi anakusanya watoto kwenye baraza na kuwafundisha, kwa ada ambayo nusu ya wazazi hulipa kwa kuchelewa. Picha anayotaka kuichora yeye mwenyewe huisubiri Jumapili jioni.

Tofauti yake na Ntiro wa mwaka 1956 haiko katika kipaji. Ntiro alikuwa na nafasi ya ajira, na nafasi hiyo ilimpa muda wa usiku ule wa mbege kuiva kichwani. Mchoraji wa leo anafanya kazi ile ile mbili, ya kuchora na kufundisha, bila mwajiri anayezitambua.

Yanayowezekana

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina mapendekezo matatu yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, halmashauri zinazoijenga shule au zahanati zitenge sehemu ndogo ya gharama kwa ajili ya kazi ya mchoraji wa eneo hilo, kwa mkataba ulioandikwa, na jina lake liwekwe ukutani. Pili, vikundi vya wachoraji vijana vihesabiwe kuwa wajasiriamali halali katika mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, badala ya kuambiwa walete wazo la kufuga kuku. Tatu, shule za Serikali ziruhusiwe kumlipa mchoraji wa muda kwa saa anazofundisha, kama zinavyowatafuta walimu wa muda wa hesabu na sayansi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati kuna kazi ya aina nyingine. Orodha ya kazi za Ntiro na Njau, zilipo na hali yake, inaweza kuanza kukusanywa na darasa moja la chuo kikuu kwa mwaka mmoja. Ziulizwe familia, makanisa, vyama vya ushirika na ofisi za Serikali. Makumbusho ya nje yaombwe nakala bora za kuoneshwa Moshi. Nakala si kitu chenyewe, najua, lakini msichana wa Machame anastahili kujua kwamba picha ya usiku wa kijiji chake inatunzwa Marekani, na kwamba aliyeichora alikuwa mwalimu aliyesahihisha kazi za wanafunzi mchana.

Mapendekezo haya yatapingwa kwa hoja ya kawaida: madawati kwanza, vyoo kwanza. Ninaikubali haja ya madawati na vyoo. Lakini naomba anayeitoa hoja hiyo aeleze ni mwaka gani, tangu 1961, tuliwahi kuwa na madawati ya kutosha. Wakulima wa miaka ya 1930 hawakungoja hadi kila nyumba iezekwe bati ndipo walipe karo ya mtoto. Walifanya yote mawili kwa mavuno yale yale ya kahawa, na katika watoto waliosomeshwa hivyo wakatoka walimu wawili waliojua kuchora.